Hatua za Malka

Kila asubuhi kabla ya shule, Qabale aliosha kibuyu cha maziwa na kukifukiza moshi, kama mamake alivyomfundisha. Maziwa yenyewe hayakuwapo. Diimtu, ng'ombe mwekundu ambaye Qabale alipewa siku alipozaliwa, alikuwa amekufa mwezi uliopita. Mikono ilikuwa imezoea tu, na mama hakuwa na moyo wa kumkataza.

Siku hiyo Mwalimu Alice alifundisha kuhusu Marekani na Muungano wa Kisovieti, mataifa makubwa yaliyotishana kwa silaha zaidi ya miaka arobaini.

"Huyu akiongeza makombora, yule naye anaongeza," alisema. "Kila mmoja anaogopa kwamba akipungua atamezwa."

"Sasa mwalimu, uhasama uliishaje? Walipendana?" aliuliza Tuneya, mwanafunzi mwenzake Qabale.

"Wengine wanasema viongozi walibadili mawazo. Lakini wataalamu waitwao wanauhalisia wanasema, tazama nguvu kwanza. Uchumi wa Wasovieti ulidorora, gharama ya silaha ikawashinda. Aliyeishiwa nguvu hutafuta mapatano."

Qabale alilaza kichwa kwenye dawati akalia kwa kwikwi. Tuneya alijua kwa nini, akaona aibu.

Jamani, nani Garsen asiyejua ugomvi wa baba zao? Abduba, babake Qabale, alifuga; Dawood, babake Tuneya, alilima kando ya mto Tana. Katikati palikuwa na malka, njia ya mifugo kwenda mtoni. Abduba akiongeza ng'ombe, Dawood anasogeza mahindi njiani ili kuibana, akihofia kundi litakula shamba lote. Mahindi yakisogea, Abduba anaongeza ng'ombe, akihofia kupokonywa njia. Ukame ulipoingia, watu walimsihi Abduba auze nusu ya kundi. Thubutu! "Mwenye ng'ombe wachache hana malka," alijibu. Dawood naye akaziba njia kwa miiba. Ng'ombe wakazungushwa mbali kutafuta maji, wakafa mmoja mmoja. Diimtu alianguka papo hapo kwenye miiba, akisikia harufu ya mto. Kati ya themanini walibaki wanne. Ndipo wazee wale wawili wakapeana mikono, ingawa miiba ilibaki njiani, na watu wakasifu upendo wao.

Jioni Qabale alimkuta baba zizini.

"Baba, ulipatana na Mzee Dawood kwa sababu unampenda?"

Abduba alilitazama zizi tupu. "Watu wanasema hivyo, nami nikawaacha kwa kuwa inapendeza. La, mwanangu. Niliishiwa. Ningekuwa na themanini wangu, hadi leo tungegombana."

"Basi Diimtu wangu alikufa bure!"

Mzee hakuwa amelia kwa ng'ombe wote sabini na sita. Sasa machozi yalimtoka. "Nisamehe, Qabale. Nilihesabu vichwa, sikuhesabu kiu yao."

Mara wakasikia hodi. Alikuwa Dawood, begani amebeba mabua ya mahindi ya kulisha ng'ombe, na Tuneya nyuma yake.

"Abduba, binti yangu amenieleza ya darasani," alisema. "Mimi nami si mwema. Nilishinda nikikata miiba badala ya kumwagilia, shamba likanikaukia. Mvua ikirudi utafuga tena, nami nitaogopa tena."

"Basi tupime njia sasa," alijibu Abduba, "wakati hakuna mwenye nguvu ya kumwonea mwenzake."

Jumamosi, mbele ya wazee wa pande zote mbili, waliondoa miiba na kusimika magogo ya mpaka kulia na kushoto mwa njia. Walikubaliana kwamba atakayeyavuka, hata awe na nguvu vipi, atasimamishwa mbele ya wazee hao hao.

Abduba aliwaita wasichana. "Wanangu, amani ya waliochoka nayo ni amani, lakini msiipambe kwa uongo. Semeni ukweli jinsi ilivyokuja, ndipo mtajua kuilinda nguvu zikirudi. Na msingoje mnachokipenda kife ndipo mpatane. Mimi nilingoja. Majuto ni mjukuu."

Ng'ombe wanne waliteremka mtoni wakanywa. Qabale hakuwafuata mara moja. Alisimama pale Diimtu alipoanguka, Tuneya akamshika mkono, wakaanza kutembea pamoja wakihesabu hatua hadi majini.

Zilikuwa hatua sitini tu.