Chipu Yenye Kidirisha

Neno la kwanza Nicolaus kulisahau lilikuwa chumvi. Ilikuwa mchana, samaki yuko mezani, akanyoosha kidole.

"Mama Eli, nipe ile... ile nyeupe."

"Ile nyeupe ina jina," Devotha akasema, akamsogezea kopo. Ndiyo kwanza ametoka zamu ya zahanati, miguu imevimba, na hakuwa na nguvu za kucheka wala kuuliza.

Kesho yake Nicolaus akasahau ufagio. Keshokutwa akasimama mlangoni mwa kibanda chake na ufunguo mkononi, hajui unaingia wapi.

Nicolaus alikuwa fundi redio hapo Kibiti, mtu wa bara, lakini redio zilikuwa za kununulia unga tu. Kazi aliyoipenda ni kaseti za gemu za zamani. Wapo watu wazima huko Ulaya, wana mvi na wajukuu, wanakusanya kaseti hizo kama wanawake wanavyokusanya vyombo vya kabatini visivyopakuliwa chakula. Wanayoililia zaidi ni kaseti ya majaribio, ile waliyoitengeneza mafundi wa kiwandani kabla gemu haijaisha. Ipo moja, pengine mbili, dunia nzima. Basi wajanja wanaghushi. Nicolaus alikuwa akitumiwa picha kwenye simu, anazikagua. Tarehe iliyochapwa kwenye chipu isiwe ya baadaye kuliko ile ya kwenye stika. Risasi ya kuchomelea iwe imefifia. Na chipu iwe ya aina ile yenye kidirisha cha kioo mgongoni, kidogo kama ukucha, kilichozibwa kwa kijikaratasi, maana jua likiingia mle ndani kila kilichoandikwa kinafutika. Akimaliza alijibu neno moja: feki. Watu walimshukuru sana. Shukrani hazichemki zikaiva.

Kisha, siku chache kabla ya ile chumvi kusahaulika, akaja Gharibu wa Mbwera, kule deltani, na kaseti moja ndani ya mfuko wa sukari. Mzungu aliyekuwa akichunguza mikoko zamani aliacha sanduku lake kwenye kibanda katikati ya mikandaa, mikoko ya kule, hakurudi. Miaka karibu thelathini hakuna aliyeligusa. Gharibu hakusema kwa nini hakuna aliyeligusa, na Nicolaus hakuuliza. Alibandua kijikaratasi, akaweka kioo cha kukuzia jichoni, akachungulia kidirishani.

"Mama Eli," akasema kwa sauti ndogo, "hii ni yenyewe."

Mtu aliyezoea kuwaumbua waghushi, siku hiyo tamaa ilimwingia. Akatengeneza nakala nne. Stika alizilowesha kwenye maji ya magome ya mkandaa ili zionekane nzee, na magome aliyachemsha Devotha mwenyewe, kwenye sufuria yake ya wali, kwa sababu alikuwa amechoka kuwa mke wa mtu mwaminifu.

Harufu ikaanza kibandani. Tope la mikandaa maji yakipwa, ule uvundo wa mayai na majani yaliyooza, na hapo ni Kibiti, kando ya lami, maji ya kupwa yako mbali huko. Devotha alipiga deki kwa dawa ya zahanati. Harufu ikakaa. Halafu sauti: mchana kweupe, Nicolaus akiwa ameinamia meza, ilisikika fyo, fyo, kama mtu anayefyonza kokwa ya ukwaju, anaitoa mdomoni, anaitazama, anairudisha.

"Unakula nini?"

"Sili kitu."

Na kweli mdomo wake ulikuwa umefungwa.

Jumapili binti yao Elinipendo alipiga simu kutoka shule ya bweni. Nicolaus akasikiliza, akaitoa simu sikioni, akaifunika kwa kiganja kwa adabu.

"Samahani mama," akamwambia mkewe, kama anavyosemeshwa mteja. "Kuna msichana hapa analia. Ananiita baba."

Sauti ile ikafyonza. Safari hii ilichukua muda, kama imepata kokwa tamu.

Devotha hakulia. Alimpigia Gharibu, akamtukana mpaka salio likakata, na siku ya pili Gharibu akamleta mganga, Bi Mwamvua, kutoka Mbwera, kwa boti na kwa bodaboda, bibi mfupi mwenye kikohozi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nipe chai kwanza, mgongo umekatika. Jini halikimbii, limeshiba."

Akanywa vikombe viwili. Akanusa kibanda. Akamtazama Nicolaus machoni, kwa karibu, kama anayechungulia chunguni.

"Huyu namjua. Mzee wa mikandaani, hapendi makelele. Alijikalia nyuma ya kile kioo, hana shida na mtu. Mumeo kambandulia mlango, wakatazamana. Sasa yuko huku kichwani anakula. Kila neno linalompotea mumeo, limeliwa."

"Atatoka?" Devotha akanong'ona.

"Nikimrudisha kwake na kuziba mlango, hatoki tena. Lakini iwe nyumba yake mwenyewe. Nikiziba ya mwingine, yeye atakosa pa kwenda. Basi atabaki anapokula. Ilete."

Devotha akaleta sinia. Juu yake kaseti tano, zote wazi, zote na vidirisha, maana stika zilikuwa zimebanduliwa zikaushwe na zimechanganyika.

Bi Mwamvua akazitazama. "Mumeo hodari," akasema. "Mshenzi, lakini hodari. Ipi?"

"Yeye ndiye anayejua."

"Basi afanye haraka. Bado hajaliwa hapo."

Wakamketisha. Ilikuwa saa tisa alasiri, jua limepiga meza yote, hapakuwa na giza la kusingizia. Nicolaus hakujua jina lake, lakini mikono ilijua. Akachukua ya kwanza, akaigeuza. "Risasi inang'aa. Feki." Ya pili: "Mwandiko huu wa ubavuni umefuatishwa, kalamu inasitasita. Feki." Ya tatu akaikagua sana, jasho linamdondoka kidevuni, akasema feki, na Devotha aliyekuwa amemshika bega akahisi bega linapoa chini ya mkono wake kama maiti anaowaosha zahanati, na harufu ya tope ikapanda kutoka sakafuni ikawajaa puani na kooni, na ile fyo, fyo ikawa haitoki tena pembeni wala kabatini bali ndani ya kichwa cha mumewe, juu ya sikio, ikienda mbio sasa, kama mlaji aliyesikia hodi na anataka amalize sahani kabla mlango haujafunguliwa, na Nicolaus akainua kaseti ya nne na ya tano, moja kila mkono, akafungua mdomo, akaufunga, akamgeukia Devotha kwa uso mtulivu wa mtoto aliyetoka kuoga.

"Feki," akauliza, "ni nini?"

"Haya," Bi Mwamvua akasema. "Chagua wewe."

"Mimi sijui!"

"Hakuna anayejua. Chagua."

Devotha akanusa zote mbili. Zote zilinuka mkandaa, wa sufuria yake mwenyewe. Akaitoa ile ya mkono wa kulia. Bi Mwamvua akaifukiza ubani, akasoma, akabandika stika juu ya kidirisha na kuikandamiza kwa dole gumba mpaka ukucha ukawa mweupe.

Sauti ikakatika. Harufu ikaondoka, yote, kana kwamba mtu amebeba beseni akatoka nalo.

"Kaondoka!" Devotha akasema. "Baba Eli? Baba Eli, mimi nani?"

Nicolaus akatabasamu tu.

"Mimi nimefukuza," Bi Mwamvua akasema, akikusanya kanga yake. "Kujaza si kazi yangu."

Basi Devotha akajaza. Kila jioni baada ya zamu alimketisha, akamwambia: hii chumvi. Huyu pichani Elinipendo, binti yako. Nicolaus alirudia, akashika upesi. Siku ya tano, katikati ya kupembua mchele, Devotha aliona kwamba hakuna anayemlazimisha kusema kweli.

"Wewe huwa unafua nguo zako mwenyewe," akasema.

"Nafua."

"Hujawahi kulala nje ya nyumba hii. Hata usiku mmoja."

Nicolaus akainua macho. Alipojibu, alijibu kwa Kindengereko, kile kizito cha wazee wa deltani, ambacho Devotha alikisikia kwa wagonjwa miaka kumi na moja, na ambacho mtu huyu wa bara hakuwahi kukijua hata salamu yake.

"Hiyo feki," alisema. "Umeitengeneza sasa hivi. Bado mbichi."

Ungo ukatulia mapajani. Devotha alipima umbali wa mlango, akapima miguu yake, akaona havilingani.

"Haya," akasema. "Nieleze wewe basi, yalivyokuwa."

Nacho kile kilichobaki ndani ya mumewe kikamweleza, taratibu, tangu mwaka wa kwanza wa ndoa, kikianza na jina la mwanamke.