Bima Ndogo na Chanja ya Mama Sharon

Kila alfajiri, kabla ya kwenda shule, Achola alishika cheo kizito: mwongozaji mkuu wa kurudisha gari nyuma. Baba yake, Otuoma, alijaza nyanya kwenye Probox yake kuukuu hadi kioo cha nyuma kikawa hakionyeshi kitu. Binti huyo wa miaka kumi na miwili alisimama nyuma ya gari, mkono juu kama jaji anayeapisha, akiita, "Njoo, njoo, njoo."

Baba akishaondoka kuwahi kivuko cha Kamanga, nyumba ilinyamaza hadi usiku. Mama alikuwa Rorya akimuuguza bibi. Hapa Igombe walikuwa wageni, na Achola alikuwa na rafiki mmoja tu, Sharon wa jirani, ambaye mama yake alianika dagaa kwenye chanja kando ya njia.

Asubuhi moja mwongozaji mkuu alimkodolea macho korongo aliyekuwa akiiba dagaa kwa adabu zote. Mdomo uliendelea na kazi peke yake: njoo, njoo. Kukatokea kishindo. Baba alidhani amekanyaga jiwe, akapiga honi ya kuaga, akaenda zake. Chanja ilikuwa chini, miti yake imevunjika, dagaa wamejaa mchanga.

Achola alikimbilia ndani. Alikumbuka siku baba alipotoka kukata bima ya gari. Baba alisema ile kubwa ni ya matajiri, amechukua ndogo ya kumnyamazisha trafiki. Basi hiyo haiwezi kumlipa mtu, Achola aliwaza. Baba atauza gari, na tutakula nini?

Aliyelaumiwa ni Sharon. Aliachiwa chanja ailinde, akaingia ndani kunywa chai. Mama yake aliamini ng'ombe wamepita, na Sharon alipoapa kwamba hakusikia hata ng'ombe mmoja, aliitwa mwongo na kukatazwa kucheza. Jioni Achola alicheza rede peke yake. Alirusha mpira, akaukwepa, akaufuata mwenyewe. Ni mchezo wa kipuuzi sana ukiwa mtu mmoja. Ng'ambo ya ua Sharon aliosha masufuria bila kuinua kichwa.

Jumamosi, wakila, Achola aliusukuma ugali kando. Alimweleza baba yote, hata habari za korongo.

Baba alinawa mikono taratibu. "Kwa nini hukuniambia?"

"Bima yetu ni ya trafiki tu, Baba. Ungeuza gari."

"Ule ulikuwa utani, mwanangu, na utani wangu umekudanganya. Kubwa hatuiwezi, kweli. Lakini hii ndogo ndiyo sheria inayoitaka, na kazi yake ni kumlipa mtu tuliyemgonga au tuliyemharibia mali. Bampa letu lililolegea siku ile ndilo hailigusi. Hilo tutalifunga kwa kamba."

Walikwenda kwa jirani pamoja. Achola alimwamkia Mama Sharon, kisha akaeleza yote mwenyewe, mbele ya Sharon. Baba aliomba radhi, akaahidi kwamba wataripoti polisi siku hiyo hiyo, kisha kwa wakala wa bima, bila kupunguza neno.

Ilichukua muda, maana watu wa bima walikuja kupima na kuuliza maswali mengi. Mwishowe fidia ikatoka, na chanja mpya ikasimama. Achola alijiona yuko huru, akaenda kumwita Sharon wacheze. Sharon alimpa mgongo.

Mama Sharon alimketisha Achola kwenye kigoda. "Baba yako alitumia busara kukata bima. Mwenye kipato kidogo akate hata ile ndogo, na aijue kazi yake. Chanja imelipwa. Lakini zile siku mwanangu alizoitwa mwongo, na mimi nikiwa wa kwanza kumwita, hazina bima. Mimi nimeshamwomba radhi. Wewe nawe ukikosea tena, sema siku ile ile, kabla mwingine hajaubeba mzigo wako."

Achola alisogea kwenye chanja, akaanza kugeuza dagaa. Baada ya muda mrefu Sharon alikuja upande wa pili.

"Unawageuza vibaya," alisema.

"Nionyeshe."

Sharon akamwonyesha.