Elisante Hakuacha Kuomba

Simu mbili zililia kwa pamoja katikati ya soko la Majengo, zote kwa pambio lile lile. Loisi alipekua mkoba kutafuta yake. Kijana aliyesimama mbele yake, mwenye ovaroli la bluu na waya za umeme begani, akachomoa yake mfukoni.

"Dada, umeniibia mlio."

"Mwizi ni wewe. Mimi ninao tangu Pasaka!"

Walicheka hata simu zote mbili zikakatika bila kupokelewa.

Kijana yule aliitwa Elisante, fundi umeme wa Nkuhungu. Loisi alikuwa msusi Chang'ombe, mrefu, mweusi wa kung'aa, mpenda magauni ya kitenge yenye mabega yaliyotuna. Kabla zabibu za msimu ule hazijaiva, walikuwa wamekwisha kupeana ahadi. Loisi akampeleka kijijini kwao Mvumi akajitambulishe.

Mzee Mazengo, baba yake Loisi, alimsikiliza kijana akitaja kwao na ndugu zake. Alipomtaja kaka yake Henry, dereva wa lori, mzee akasimama. Lori la Henry ndilo lililomuua Joel, mwanawe wa pekee wa kiume, kwenye barabara ya Iringa.

"Toka kwangu," alisema kwa sauti ya chini. "Usirudi."

Tangu hapo Elisante alipiga magoti kila alfajiri kabla ya kwenda kazini, akaomba moyo wa mzee ulainike. Mwanzoni Loisi naye aliomba. Kisha akachoka. Akampigia simu.

"Eli, twende bomani tukafunge ndoa. Baba atazoea tu."

"Hapana, mpenzi. Ndugu yangu amemwondolea mtoto mmoja. Mimi nisimwibie wa pili. Tuendelee kuomba."

"Mpaka lini? Mwaka umepita! Sema tu unaogopa, unajificha nyuma ya maombi."

"Loisi, mama, nisikilize..."

"Ungenipenda kweli, ungenichukua!"

Akakata, akaizuia namba yake.

Wiki zikapita. Loisi alisuka vichwa vya watu huku machozi yakimlenga. Elisante aliendelea kuamka alfajiri kuomba, ingawa asubuhi nyingine hakuwa na neno jipya; alirudia lile la jana, asijue kama anasikika.

Ndipo Mzee Mazengo alipompigia binti yake. "Mlete yule kijana."

Loisi alimkuta Elisante kazini, juu ya ngazi. "Baba anakuita. Sijui ana nini moyoni. Usiende, Eli."

"Nitakwenda."

"Na akikulaani?"

"Nitakwenda hivyo hivyo."

Mvumi hawakukaribishwa kuketi.

"Shikamoo, baba," alisema Elisante.

Mzee alimtazama kwanza. "Marahaba. Loisi aliniambia unaniombea kila alfajiri. Ni kweli?"

"Ni kweli, baba."

"Mimi pia nimekuwa nikiomba. Nilimwomba Mungu akuondoe kwa binti yangu. Akupe kazi mbali, akupe mke mwingine. Sikuacha hata siku moja."

Loisi alishika mwimo wa mlango.

"Lakini huwezi kumshtaki mtu kwa Mungu bila kumtaja jina," mzee aliendelea. "Nimekutaja na kukutaja. Juzi nilifumba macho niombe uondoke, nikajisikia naomba usipigwe na umeme huko kazini."

Mzee akamsogelea Elisante.

"Henry yuko wapi?"

"Yupo, baba. Anaogopa kukutazama."

"Moyo wangu haujamfikia bado. Namwombea polepole. Mwambie atakuja, ila si leo." Akamgeukia binti yake. "Loisi, mpe mwenzako kiti."

Loisi alileta kigoda, akakiweka, na mkono wake ukaukuta mkono wa Elisante ukabaki hapo hapo.

"Nisamehe," alinong'ona.

"Nilishakusamehe. Nifungulie namba tu."

Mzee Mazengo akakohoa. "Mtanong'onezana baadaye. Wewe kijana, mshenga wako ni nani?"