Ubao wa Namba za Nyimbo

Kila jioni baada ya shule, Muthoki alifagia karakana ya mjomba wake, fundi Kivuva, pale Mtito Andei, huku masikio yakiwa barabarani. Basi la kutoka Mombasa likipunguza mwendo, ufagio ulisimama. Mama yake alifanya kazi huko hotelini. Angekuja Jumapili, waende kanisani pamoja, kisha arudi jioni hiyo hiyo.

"Kanisa linataka ubao wa namba za nyimbo," mjomba alikuwa amesema. "Tutautengeneza mimi na wewe. Mama yako auone."

Alhamisi mjomba alipoenda kunywa chai, Muthoki alishindwa kungoja. Alichukua ruta, ile mashine ya kuchimba mifereji katika mbao, ili achimbe mifereji ya kushikilia vibao vya namba. Meno ya mashine hiyo yalikuwa ndani ya kopo, membamba na manene. Akachagua nene ili amalize upesi. Hakufunga ubao wa kuiongoza mashine. Babu yake alichonga twiga bila rula, kwa hivyo alijiambia jicho la ukoo lingetosha.

Ruta ilinguruma, ikamvuta kando. Mfereji ukaenda kombo kama njia ya mbuzi.

Mjomba akarudi. "Hii ni nini, Muthoki? Umelima shamba?"

Angeweza kusingizia kifundo cha mti. "Ni mimi, mjomba. Nilitaka mama…"

Mjomba alichukua kibao chenye namba, akakipachika katika mfereji. Kikaanguka.

"Jino hupimwa kwa kitu kitakachokaa ndani," alisema. "Na usiiwashe tena peke yako! Mbao ya mukau imebaki kipande kimoja tu. Haya, chagua."

Muthoki alipima unene wa kibao, akachagua jino jembamba. Walibana mbao mbili zilizonyooka, moja kila upande wa ruta, wakajaribu kwanza kwenye kipande kibovu. Kisha wakachimba kidogo kidogo, mara mbili.

Jumapili namba zilisimama wima ukutani. Mama alizitazama wimbo mzima bila kufungua kitabu. Baada ya ibada akapitisha kidole ndani ya mfereji, taratibu, kama anayepapasa shavu. Muthoki akamweleza yote, hata ule ubao ulioharibika. Mama akamshika mkono, asiuachilie.

"Lakini babu hakupima," Muthoki alinong'ona.

"Tezo ya babu yako ilikuwa inangoja," mjomba, aliyesimama kando yao, akamjibu. "Alipiga, akatazama, akapiga tena. Mashine haingoji mtu. Tazama kwanza, ndipo uwashe. Na kosa ukilisema mapema, mbao huwa bado ipo."