Taa ya Buluu kwenye Kabati la Mashine

Mashine ilikuwa imeng'olewa meno. Ndivyo inspekta alivyoiona alipoinama mbele ya kabati la seva, kompyuta zinazotunza kumbukumbu za hospitali. Mashine sita zilipangwa moja juu ya nyingine. Tano zilikuwa zinavuma kwa feni zao, na moja imebaki na matundu matupu mahali diski zilipokuwa. Usoni mwa hiyo iliyoibiwa, taa ndogo ya buluu ilikuwa ingali inawaka.

Mlango haukuvunjwa. Kufuli lilikuwa zima. Mtaalamu wa alama za vidole alipaka unga wake, akatikisa kichwa. Mwizi alivaa glavu, na hospitali ina glavu kila meza.

"Humo kulikuwa na nini?" inspekta aliuliza.

"Picha za wagonjwa," alijibu daktari wa upasuaji. "Nina mgonjwa wodini, binti mwenye uvimbe kichwani. Bila picha zake nitakuwa napapasa gizani."

"Mpige nyingine."

"Mashine ya kupigia picha imekufa, inangoja spea. Yeye hawezi kungoja, Mama."

"Nakala?"

Fundi wa seva alishusha macho. "Diski mbili, kila moja ni nakala ya mwenzake. Zimekwenda zote."

Sajini alisogea, akanong'ona. "Afande, kuna daktari amekosea mahali, anafuta nyayo. Nianze kuwakusanya madaktari?"

"Tulia kwanza."

Askari wake walimwita Mama Polepole, naye alijua, akanyamaza. Alifumba macho kidogo, akaomba kimoyomoyo, kama afanyavyo kila aanzapo kesi, kwamba Mungu amwepushe asimwonee mtu. Kisha akaigusa ile taa kwa ncha ya kalamu.

"Hii mbona inawaka?"

"Ndiyo desturi yetu," alisema fundi. "Mashine hizi zinafanana kama mayai. Hatugusi yoyote mpaka taa yake iwake. Unafungua konsoli, ule ukurasa wa kuziendeshea, kwenye kompyuta yoyote humu hospitalini, unabonyeza mashine unayoitaka, taa inakuonyesha."

"Kwa hiyo mwizi anaijua desturi yenu. Na neno la siri analo."

"Ee..." Fundi alijikuna shingo. "Tunalo moja, tunatumia sote. Mimi, msaidizi wangu ambaye yuko likizo, na yule kaka anayepokea simu za dharura. Mashine ya simu ikikwama nami sipo, anaizima na kuiwasha mwenyewe. Nilimfundisha."

"Nifungulie hiyo konsoli."

Fundi alifungua ukurasa. Mashine zikaonekana zimechorwa, kila moja na joto lake, feni zake na umeme wake.

"Jana nimeisasisha," alisema, akisahau huzuni kidogo. "Ile ya zamani ilikuwa kama redio ya babu, unaipiga kofi ndiyo iseme."

"Sioni majina."

"Sijayarudisha bado. Ni namba tu."

"Hii iliyoibiwa ni ya ngapi?"

"Ya tatu."

Inspekta alitazama kioo cha kompyuta, akatazama kabati. Akahesabu kwa kidole kutoka juu. "Mbona mimi naiona ya nne?"

"Konsoli mpya inahesabu kutoka chini, Mama. Ya zamani ndiyo ilihesabu kutoka juu."

"Umemwambia nani?"

"Nilipanga kuwaambia leo asubuhi. Ndiyo tukakuta haya."

"Na kabla ya jana, ya tatu ilikuwa ipi?"

Fundi alihesabu upya kutoka juu. "Ya simu. Inayorekodi wanaopiga wakiomba msaada. Kesho kuna kikao, baba mmoja anakuja kusikiliza simu iliyopigwa siku mkewe alipofariki."

Sajini alikuwa ameshashika pingu.

Mpokea simu alikuwa peke yake chumbani, na vipokea sauti shingoni. Hospitali nzima ilimwita Kaka Mpole, kwa ile sauti yake. Inspekta alivuta kiti.

"Mwanangu, umechukua diski zisizo zako."

"Sijachukua kitu, afande."

"Ulizozitaka bado zimo kabatini. Ulizonazo ni za binti mwenye uvimbe kichwani. Daktari amesimama anazingoja."

"Haiwezekani! Taa ili—"

Akajiziba mdomo. Uso ulimwishia damu.

"Iliwaka," inspekta alisema taratibu. "Namba zimegeuzwa jana. Hukuambiwa. Ziko wapi?"

Alivuta mkoba chini ya meza, akatoa taulo lililoviringishwa. "Nilitaka kuzivunja nikitoka zamu. Zingali nzima. Wapelekeeni. Haraka, tafadhali."

Sajini alitoka mbio nazo.

"Sasa niambie."

"Aliyepiga simu ni mtoto. Watoto wanatuchezea kila siku, Mama. Nikacheka. Nikamwambia, 'Mpe mama simu.' Akasema, 'Mama hataki kushika.' Nikacheka tena. Nikakata."

Inspekta hakuandika kitu.

"Sikutaka yule baba asikie mtu akimcheka mwanawe."

"Yule baba, au wewe?"

Akafunika uso. "Mimi. Sikutaka kuisikia sauti yangu mwenyewe."

"Utaisikia. Kesho utakaa chumba kimoja naye, na atasikia yote. Nitakuwepo. Zaidi ya hapo mwombe Mungu, mimi sina la kukupa."

Sajini alirudi akihema. "Zinasoma, afande! Fundi amezirudisha, daktari anaosha mikono." Akamfunga mpokea simu pingu na kumwinua.

Simu ya mezani ikalia.

Wakatazamana. Wa zamu ya pili alikuwa hajafika. Sajini alimvuta mtu wake kuelekea mlangoni, lakini inspekta aliinua mkono.

"Mwache apokee."

Kaka Mpole aliinama juu ya meza, akabonyeza kwa mikono yote miwili iliyofungwa pamoja. Akasikiliza kwa muda, macho chini.

"Nakusikia," alisema. "Endelea kusema. Sikati."