Tundu Lililobaki

Kila alasiri baada ya shule, Kimya alifagia karakana ya shangazi yake, akafuta vumbi kwenye kibodi, kisha akapanga skurubu kwenye vifuniko vya chupa. Jina hilo la utani, Kimya, alipewa darasani. Tangu mama yake afariki, miezi minne sasa, hakulia wala hakucheka. Kila kitu alikiona kama kilicho nyuma ya kioo.

Shangazi alikuwa fundi wa kompyuta. Alizifufua zile za zamani, zenye skrini za mgongo mnene, kwa kuziwekea programu huria, ambazo yeyote anaweza kuona zilivyoandikwa na kuzirekebisha.

"Programu hizi hazifichi kitu," alipenda kusema, "ndiyo maana nazikabidhi siri za watu."

Kila mteja alipoandika neno lake la siri, wote karakanani waligeukia ukutani.

Siku muuguzi wa zahanati alipoleta kompyuta yake, Kimya alichelewa kugeuka, akaliona neno la siri. Shangazi alipotoka kununua waya, Kimya akaliandika neno lile. Hamu hakuwa nayo. Vidole vilienda tu. Orodha ya wagonjwa ikafunguka. Msichana wanayekaa naye dawati moja alikuwemo: anatibiwa kukojoa kitandani.

Kesho yake alimwambia mwenzake mmoja tu. Kabla ya mapumziko darasa zima lilijua.

"Wewe, godoro limekauka au tukusaidie kulianika?" wakamuuliza.

Msichana yule alifunga mkoba, akaondoka. Siku tatu hakuonekana shuleni. Kimya alisubiri aone aibu, haikuja. Siku ya nne, mezani na shangazi, ilikuja; akasukuma sahani kando.

"Shangazi, ni mimi niliyesoma orodha ya muuguzi, nikasema shuleni."

Shangazi hakufoka. Alimpeleka kwa muuguzi, ambaye alibadilisha neno la siri papo hapo.

"Nitakuamini tena, fundi," muuguzi alisema, "lakini si leo."

Kisha wakaenda kwa yule msichana.

"Nilisoma mimi, nikasema mimi," Kimya alimwambia mlangoni. "Kesho nitakiri mbele ya darasa."

"Watakucheka."

"Wacha wacheke."

Alikiri. Walicheka, mwalimu akawanyamazisha. Jumatatu msichana alirudi, akaketi mahali pake bila salamu, lakini aliketi.

Jioni shangazi alisema, "Mwanangu, kwenye kompyuta ile niliziba kila tundu. Lililobaki lilikuwa mdomo wa nyumbani kwangu. Siri ya mtu ukiiona, hata kwa bahati mbaya, iache palepale ulipoiona."