Kitambaa Namba Saba

"Sikughushi!" Tahsina alipiga kiganja mezani mpaka bakuli la dengu likaruka. "Niseme mara ngapi, Baba? Sikughushi!"

"Kwa hiyo maprofesa watatu ni waongo?"

"Sijui! Ninachojua ni nilichokiona kwa macho yangu. Namba saba haikuchujuka."

"Njano ya maganda ya kitunguu haivumilii jua," baba alisema. "Nilikwambia tangu mwanzo. Miaka ishirini na sita nimesimama mbele ya pipa la rangi, sijaiona njano hiyo ikidumu. Ukanicheka. Ukasema ile ni elimu ya kiwandani, hii ni ya chuo."

"Kwa hiyo na wewe unaniita tapeli?"

"Nauliza, mwanangu. Nauliza tu."

"Huulizi! Umeshahukumu!"

"Kuleni," mama alidakia kutoka jikoni. "Basi la Dhaka haliwasubiri watu wenye hasira. Chapati zinapoa."

Hakuna aliyekula. Jhumur, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, alikuwa amekaa mwisho wa meza akikatakata chapati vipande vidogo visivyofika mdomoni. Baba hakumjua aliyedanganya. Tahsina hakumjua. Maprofesa nao hawakumjua. Jhumur alimjua vizuri, kwa sababu alikuwa yeye mwenyewe.

Tahsina, dada yake, alikuwa mwaka wa nne, mwaka wa mwisho, wa shahada ya uhandisi wa nguo. Hapa Narayanganj nusu ya watu wanasokota, wanafuma, wanatia rangi au wanashona, lakini katika kichochoro chao hakuna aliyewahi kuitwa mhandisi. Mwaka wa kwanza alisoma nyuzi, wa pili akasoma ufumaji. Mwaka wa tatu akachagua rangi, kazi ya baba. Alikuwa akirudi nyumbani na maswali magumu, na baba akiyajibu kwa kumwonyesha kwa mikono, maana maneno ya kitabuni hakuwa nayo.

Mradi wake wa mwisho ulikuwa rangi za mimea. Alitia rangi vitambaa ishirini na vinne vya pamba, kila kimoja kwa mmea wake, akavipa namba. Sasa ilibidi ajue ni rangi ipi inavumilia jua. Chuoni mashine yenye taa kali ilikuwa imeharibika kwa miezi, basi msimamizi wake, Profesa Dilruba, akamwambia atumie jua lenyewe. Kila kitambaa kifunikwe nusu kwa kadi nene, kianikwe siku arobaini, kisha kadi iondolewe na nusu mbili zilinganishwe. Alama ni moja hadi tano. Tano maana yake rangi haijabadilika kabisa.

Siku hizo arobaini Tahsina alikuwa kwenye mafunzo katika kiwanda cha mbali, akirudi Ijumaa tu. Kazi ya juu ya paa ikawa ya Jhumur: kuvitoa asubuhi, kuvianua kabla ya mvua, na kuandika kwenye daftari. Mabaki ya kila kitambaa yalifungiwa kwenye mkebe kabatini, gizani, yasiguswe.

"Kikiharibika chochote, andika," Tahsina alimwagiza. "Usirekebishe kitu. Andika tu. Umesikia?"

"Nimesikia, Dada. Mimi si mtoto."

Siku ya thelathini na mbili, Jhumur alikuwa nyumba ya pili, kwa rafiki yake Papri, wakitazama kriketi. Mbingu ikageuka nyeusi. Upepo wa mwezi wa nne hautumi salamu. Mpaka alipofika juu ya paa, kamba zilikuwa zinapiga kama mijeledi. Alinyakua vitambaa ishirini na vitatu. Cha ishirini na nne, namba saba, kilichomoka kwenye kibanio, kikaruka ukuta na kutua kwenye mfereji nyuma ya nyumba.

Kwenye mfereji ule ndiko viwanda vinakomwaga maji ya rangi. Watoto wa kichochoro hubishana kila asubuhi utakuwa wa rangi gani. Siku hiyo ulikuwa wa zambarau. Jhumur alikivuta kitambaa kwa ufito. Kilitoka kama ganda la biringani.

Alikaa kwenye ngazi akakitazama. Angeandika nini? Kwamba alikuwa anatazama kriketi? Aliufungua mkebe, akakata kipande kipya cha namba saba pembezoni, akakifunga kadi, akakianika mvua ilipokatika. Kwenye daftari akaandika: Siku ya 32. Vyote salama.

Siku ya arobaini Tahsina aliondoa kadi moja baada ya nyingine. Mbili. Tatu. Mbili. Moja na nusu. Akafika namba saba, akaipeleka dirishani.

"Nne na nusu," alisema kwa sauti ndogo. Kisha akapiga kelele, akamnyanyua Jhumur na kuzunguka naye. "Nne na nusu! Njano ya kitunguu! Mdogo wangu, unajua hii ni nini? Waliopita wote wameshindwa!"

Jhumur alifungua mdomo. Dada yake alikuwa analia kwa furaha. Mdomo ukafungwa. Nitamwambia Ijumaa, alijisemea.

Ijumaa ilipofika, Tahsina alikuwa ameshaandika upya nusu ya pili ya tasnifu yake, yote ikihusu namba saba. Ijumaa iliyofuata, kiwanda kimoja kilikuwa kimemwahidi kazi ya maabara, aanze mara tu baada ya mahafali. Na Ijumaa ile nyingine, baba alinunua vitamutamu vya maziwa, akagawa kichochoro kizima, akawaambia watia rangi wenzake kwamba amekosea miaka ishirini na sita. "Binti yangu amenishinda," alisema, akacheka mpaka akakohoa. Kila wiki ukweli ulikuwa mzito zaidi, na Jhumur aliuacha pale pale alipouweka.

Kisha mashine ya chuo ikatengenezwa. Watahini walichukua mabaki ya namba saba na kuyaweka chini ya ile taa. Baada ya siku mbili njano ilikuwa nyeupe kama maji ya wali. Barua ikaja: afike Alhamisi saa tano ajieleze, la sivyo atafukuzwa kwa kughushi matokeo.

Leo ndiyo ilikuwa Alhamisi.

Tahsina alitundika mkoba begani. "Nakwenda peke yangu," alimwambia baba. "Mtu asiyeniamini akae pembeni yangu kufanya nini?"

Baba alitazama vidole vyake, vyenye bluu isiyotoka kuchani hata siku ya sikukuu. Midomo yake ilitetemeka. Jhumur hakuwahi kumwona baba akiwa hivyo.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini tena?" mama alifoka. "Kula."

"Ni mimi niliyebadilisha namba saba. Kilianguka mferejini. Nikakata kingine kutoka kwenye mkebe."

Tahsina aliweka mkoba chini polepole.

"Siku ya ngapi?"

"Thelathini na mbili."

"Kwa hiyo nilichokipima kilikaa juani siku nane."

"Ndiyo, Dada."

"Na mimi nikakukumbatia." Tahsina alikaa sakafuni kama mtu aliyeishiwa mifupa. "Nilikunyanyua nikazunguka na wewe, Jhumur. Ukaniacha nizunguke."

Mama alikuwa ameshavua ndala. Baba akamshika mkono. "Hiyo iweke kwanza. Sasa hivi mtoto avae viatu." Akamgeukia Jhumur, na sauti yake haikuwa na ukali, jambo lililokuwa baya zaidi. "Ulichotuambia hapa utakisema huko. Kwa mdomo wako mwenyewe." Halafu, bila kumtazama usoni, akamwambia Tahsina, "Nisamehe, mwanangu." Tahsina aliitikia kwa kichwa tu.

Ndani ya basi Tahsina alikaa mbele peke yake. Njia nzima Jhumur alitazama kisogo chake, na kisogo hakikugeuka hata mara moja.

Profesa Dilruba alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Watahini wengine wawili walikaa kila upande wake. Baba alisimama karibu na mlango, mikono mifukoni, akificha kucha zake. Jhumur alieleza yote: kriketi, upepo, mfereji, mkasi. Hakuna aliyemkatiza. Mtahini mmoja aliinama akaficha tabasamu aliposikia kuhusu biringani, kisha akamwona Tahsina, na tabasamu likakauka.

"Sasa nimeelewa," Profesa alisema. "Tahsina, hukughushi. Hilo limekwisha, litaandikwa leo. Ondoa namba saba. Tutabaki na vitambaa ishirini na vitatu. Hakuna muujiza, lakini kazi ni halali. Tetea tasnifu wiki ijayo, uhitimu na wenzako."

Baba alishusha pumzi iliyosikika chumba kizima. Tahsina alifunika uso, mabega yakatikisika.

"Jambo moja la kukamilisha tu." Profesa alifungua daftari la paa. "Hivyo ishirini na vitatu vingine, binti, ulivitoa juani kila siku, kama ilivyoandikwa hapa?"

Neno moja lilitosha. Lilikuwa jepesi, tena lilikuwa linasubiriwa. Tahsina alikuwa ameinua uso, na macho yake yalikuwa yanaliomba. Baba pia alikuwa analiomba, bila kujua anachoomba.

Jhumur alilitazama daftari.

"Hapana, Madam," alisema. "Wakati wa mitihani yangu kuna siku sikupanda juu. Siku nne, labda tano. Vilibaki ndani. Baadaye nikaandika zote kwa mpigo."

"Siku zipi?"

"Sizikumbuki."

Tahsina alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyekanyagwa.

Profesa alivua miwani. Alizungumza bila kufoka, kama mtu anayefundisha darasa dogo.

"Nisikilize vizuri. Kitambaa kilipoanguka mferejini, kilitaka mstari mmoja tu: namba saba imepotea. Basi. Hapa hakuna ambaye angemlaumu dada yako, wala wewe. Vitambaa hupotea, upepo upo. Lakini uliposahihisha kosa kwa siri, dada yako akajenga juu yake bila kujua, baba yako akafurahi juu yake, kiwanda kikatoa ahadi juu yake. Ukikosea, sema siku ile ile, kosa likiwa bado dogo. Ukilificha linakua, na anayekuja kuumia si wewe peke yako. Leo umesema mara mbili, na mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza. Hilo nimeliona."

"Ndiyo, Madam." Machozi ya Jhumur yalidondoka kwenye viatu vyake.

Mtahini mmoja alikohoa. "Siku nne kati ya arobaini si nyingi. Tunaweza kuandika kwamba ni takriban."

"Tunaweza," Profesa alisema. "Sitakuzuia, Tahsina. Amua wewe."

Tahsina alimtazama baba yake. Baba alitoa mikono mifukoni.

"Mimi mambo ya chuo siyajui," alisema. "Lakini kule kiwandani, pipa ambalo sikulisimamia sitii sahihi. Wananifokea. Sitii."

Nje, dirishani, wanafunzi wa mwaka wa nne walikuwa wanapimwa majoho ya mahafali, wakitaniana nani mfupi, nani ana tumbo. Mmoja alimwita Tahsina kwa jina aje apimwe. Hakugeuka.

Alivuta karatasi nyeupe kwenye meza ya Profesa, akachukua kalamu. Jhumur alisoma maneno kadiri yalivyotoka: Ninaondoa matokeo yangu yote. Ninaomba kurudia jaribio tangu siku ya kwanza.

"Utachelewa nusu mwaka," Profesa alisema taratibu. "Na ile kazi haitakusubiri."

"Najua, Madam."

Alitia sahihi, akatoka na karatasi mkononi. Baba na Jhumur walimfuata. Mlangoni mwa ofisi ya masjala Jhumur alijaribu kumshika mkono. Tahsina aliuondoa mkono wake, si kwa ukali.

"Umefanya vizuri kusema," alisema. "Asante. Sasa usinisemeshe kwa muda. Siwezi, Jhumur. Bado siwezi."

"Sawa, Dada."

Karani alisoma karatasi mara mbili. "Una hakika, dada? Hii nikishaipokea hairudi. Wenzako wanahitimu baada ya wiki tatu."

"Ipokee," Tahsina alisema.

Karani akabonyeza muhuri kwenye wino, akaupiga.